Feritini 900, damu 7: chuma cha mgonjwa wa figo kimekwama wapi? (Uzi wa Nyanda za Juu Kusini)

Fundi Maabara (Mbeya)

Wakuu habari za jioni. Ugonile kwa Wanyakyusa, Kamwene kwa Wahehe na Wabena, wakubwa shikamooni.

Nafanya kazi maabara hapa Mbeya. Swali ninaloulizwa sana dirishani siku hizi linatoka kwa ndugu wa wagonjwa wa figo: "HB ya mzee ni 7, halafu hapa mmeandika feritini 900 na mshale wa juu. Feritini si ndiyo chuma? Kama chuma kimejaa, mbona damu hana?" Wengine wanakuwa wameshabebeshwa vidonge vya damu dukani. Wengine wameambiwa chuma ni sumu kwao, wasikiguse maisha yao yote. Nimechoka kujibu kwa dakika mbili nikiwa nimesimama, naandika hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma kiungo tu.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni msije mkaniona nazunguka: kwa mgonjwa wa figo, kujua chuma ni kingi au kidogo hakutoshi. Inabidi ujue kimeshikwa na protini gani, na kimeshikiwa wapi. Chuma hichohicho kikikaa kwenye uboho (ute wa ndani ya mifupa) kinatengeneza damu, kikimwagika ndani ya mirija ya figo kinaunguza.

Twende polepole.

Mtu mzima ana chuma kama gramu 3 hadi 4 mwili mzima, na zaidi ya nusu kiko ndani ya chembe nyekundu. Chakula kinampa miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, wakati uboho unataka miligramu 20 hadi 25 kila siku. Pengo hilo linazibwa na makrofaji, seli za ulinzi zilizoko kwenye wengu na ini, ambazo hula chembe nyekundu zilizozeeka (chembe moja huishi kama siku 120) na kurudisha chuma chake kwenye mzunguko. Kwa hiyo ukiambiwa mtu hana damu, kabla hujalaumu mboga za majani, uliza kwanza kama makrofaji zake zinaachia chuma au zimekibania.

Chuma hakiachwi kizurure. Kikiwa huru kikakutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli zetu huizalisha muda wote, panazaliwa radikali ya haidroksili, na hiyo haichagui: inaunguza mafuta ya ukuta wa seli, protini, hadi DNA. Kemia yenyewe inaitwa kwa jina la Henry Fenton, Mwingereza aliyeiandika mwaka 1894. Ndiyo maana kila hatua chuma kina mlinzi. Kwenye damu kinabebwa na transferini, molekuli moja inabeba atomi mbili. Ndani ya seli kinafungiwa kwenye feritini, mpira wa vipande 24 vya protini unaoweza kuficha hadi atomi 4,500. Kutoka nje ya seli kuna mlango mmoja tu unaojulikana, feropotini. Na anayefunga mlango huo ni hepsidini, homoni ndogo ya amino asidi 25 inayotoka kwenye ini. Mwaka 2004 ndipo ilipoonyeshwa jinsi inavyofanya: inang'ang'ania feropotini, seli inaumeza mlango wake yenyewe na kuuvunja. Chuma kinabaki ndani.

Nakula kwanza, narudi.

Kamwene Mzee (Iringa)

Nimekaa siti ya mbele. Leo usitukatie njiani kama ule uzi wa ini.

Msafwa wa Ilomba

Mkuu hapo kwenye hepsidini ndipo nimeanza kuelewa. Yaani ini linafunga mlango makusudi? Kwa faida ya nani?

Fundi Maabara

@Msafwa, kwa faida yako ukiwa na maambukizi. Bakteria nao wanataka chuma ili wazaliane. Mwili ukihisi hatari, seli za ulinzi hutoa interlukini-6 (kemikali yao ya kupeana taarifa), ini linaipokea na kuongeza hepsidini, chuma kinafungiwa ndani ya makrofaji, mdudu ananyimwa. Kwa homa ya wiki moja mpango huo hauna shida.

Shida ni ugonjwa sugu wa figo, ambako hali ya hatari haiishi. Mambo matatu yanagongana. Kwanza inflamesheni: seli za ulinzi zimecharuka mwezi hadi mwezi, kwa hiyo ini linaendelea kutoa hepsidini. Pili, hepsidini ni ndogo, kawaida figo huichuja na kuitoa. Figo ikidhoofika inarundikana kwenye damu. Tatu, figo ndiyo inayotengeneza eritropoetini, homoni ya kuuamsha uboho. Figo ikichoka, homoni inapungua, uboho unasinzia, na ishara ambayo ungeituma kwenye ini kusema "tunahitaji chuma, fungua" nayo inafifia.

Hapo ndipo unapata karatasi ile ya dirishani. Feritini inapanda kwa sababu ghala limefungwa, na pia kwa sababu inflamesheni yenyewe huipandisha hata chuma kisipoongezeka. Watu wa Ludewa mtanielewa haraka: chuma cha Liganga kiko ardhini, mamilioni ya tani, na nondo za kujengea nyumba bado mnanunua dukani za kutoka mbali. Mgonjwa wa figo ana Liganga yake ndani ya ini na wengu. Uboho hauoni hata kilo.

Parachichi Halisi (Njombe)

Hahaha umetugusa pabaya mkuu. Huku tumeshazoea kuambiwa "mradi unaanza".

Binti wa Tukuyu

Kaka Fundi, shikamoo. Baba yangu ana sukari miaka mingi, mwaka huu wakasema figo. Feritini yake 640, HB 8. Duka la dawa wakatuuzia vidonge vya chuma, anakunywa na tumbo linamsumbua, choo cheusi, damu haipandi. Tuendelee au tuache?

Fundi Maabara

Marahaba dada. Pole na kumuuguza mzee.

Choo cheusi kwa mtu anayekunywa chuma ni kawaida, ila kikiwa cheusi kinachonata kama lami na kina harufu kali, au mzee anasikia kizunguzungu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu inavuja tumboni. Msiseme "ni vidonge tu".

Kwamba haipandi, sishangai. Seli za utumbo nazo zinatoa chuma kwa mlango uleule wa feropotini. Hepsidini ikiwa juu mlango wa utumbo umefungwa, chuma alichomeza kinabaki ndani ya seli za utumbo, zinachakaa baada ya siku chache, anakitoa chooni. Ukiongeza na chai ya rangi anayoshushia dawa (najua Tukuyu, najua chai) kinachopita kinapungua zaidi, kwa sababu tanini za chai hukamata chuma.

Kuacha au kuendelea amwamulie daktari wake, lakini mwombe kipimo kimoja: ujazo wa transferini, kwenye fomu huandikwa TSAT. Unachukua chuma cha kwenye damu, unagawa kwa uwezo wote wa damu kubeba chuma (TIBC), mara 100. Mfano chuma 8, TIBC 50, unapata asilimia 16. Chini ya 20 maana yake kinachofika kwenye uboho ni kidogo, hata feritini iseme nini. Feritini inakuonyesha ghala, TSAT inakuonyesha kilichoko njiani. Moja bila nyingine inapotosha.

Na msiende na kipimo cha mtu mwenye afya. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asiye na ugonjwa ana upungufu feritini ikiwa chini ya 15. Akiwa na maambukizi au inflamesheni wanapandisha hadi 70. Madaktari wa figo wanapanda zaidi: chini ya 100 kwa ambaye hajaanza kusafisha damu, chini ya 200 kwa anayesafisha, wanahesabu ghala ni tupu.

Sista wa Zamu

Niongezee hapo kwa sababu niko kitengo cha kusafisha damu, mkoa sitaji.

Watu wanaogopa drip ya chuma kupita kiasi. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza unaoitwa PIVOTAL, matokeo yalichapishwa 2019, wagonjwa 2,141 wa kusafisha damu. Kundi moja walipewa miligramu 400 za chuma kwa mshipa kila mwezi, wakisimamishwa feritini ikizidi 700 au TSAT ikifika 40. Kundi jingine walisubiri hadi feritini ishuke chini ya 200 au TSAT chini ya 20. Kundi la kwanza vifo na matatizo ya moyo vilikuwa vichache, dozi ya sindano ya eritropoetini ilipungua, na maambukizi hayakuzidi. Kwa hiyo "chuma ni sumu kwa wagonjwa wa figo" ni maneno ya kijiweni.

Ila, na hii naisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu: drip inapita kando ya mlango wa utumbo, na mtu akiwa na maambukizi makali hatumpi. Kuna wagonjwa wanaficha homa ili wasirudishwe nyumbani bila sindano. Jamani. Katheta (mpira wa kusafishia damu) imeanza kutoa usaha na mtu anakaa kimya. Na drip ya chuma hafungiwi mtu nyumbani na kijana wa mtaani mwenye kanyula mfukoni. Mzio wake ni nadra lakini ukija unataka oksijeni na dawa karibu.

Mizizi Tu

Wapendwa, kuna dawa ya asili inasafisha figo, inaondoa sumu na kuongeza damu kwa siku 14. Njooni inbox.

Kamwene Mzee (Iringa)

@Mizizi Tu, wewe tulia. Miaka ya 1990 pale Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kupunguza unene walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina ndani yake mna mmea wa jamii ya Aristolokia. Figo zikajaa makovu kwa kasi ya ajabu, wengi wakaishia kusafisha damu au kupandikizwa. Mti ni mti, hata uwe wa asili. Taja jina la mti, dozi, na nani ameupima, tujadili. Inbox hatuji.

Msafwa wa Ilomba

😂😂 Mzee hana breki.

Fundi, umesema kinaunguza mirija ya figo. Kinafikaje huko kama kimefungiwa kwenye ini? Hapo unajipinga.

Fundi Maabara

Swali zuri, na ndilo nililolianzishia uzi.

Kinafika kwa njia ya mkojo. Figo huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku. Kichujio kizima huzuia protini kubwa kubwa zisipite. Sukari na presha zikikichosha, albumini inaanza kuvuja. Hiyo albumini tunaiona kwenye kijiti cha mkojo tunaandika "protini ++". Ila haivuji peke yake. Transferini ni kubwa kuliko albumini kidogo tu, kwa hiyo nayo inapita, na mgongoni ina chuma.

Upande wa pili wa kichujio kuna mirija ya mwanzo, ambayo kazi yake ni kuokota chochote cha thamani kisipotee. Ina vipokezi viwili vikubwa, megalini na kubilini, vinavyovuta protini ndani. Vinaivuta albumini, vinaivuta na transferini. Ndani ya seli transferini inaingia kwenye kifuko chenye asidi, chuma kinabanduka. Kikiwa kidogo, feritini inakifungia, habari imeisha. Mzigo ukija kila siku, mwaka baada ya mwaka, feritini inazidiwa, chuma kinabaki kimelegea ndani ya seli na kemia ya Fenton inaanza.

Watafiti walijaribu kwa panya wakaondoa ile sehemu ya feritini inayogeuza chuma kikali kuwa kitulivu (wanaiita mnyororo H) kwenye mirija hiyo tu. Matokeo yao ya 2013: figo za panya hao ziliumia zaidi zilipopata jeraha la ghafla kuliko za wenzao. Feritini ambayo kwenye karatasi inakutisha, ndani ya mrija wa figo ndiyo inayokulinda.

Seli zikielemewa kuna aina yake ya kufa. Mwaka 2012 ilipewa jina la feroptosisi: chuma kinaoksidisha mafuta ya ukuta wa seli mpaka unapasuka. Kuna kimeng'enya kinachozuia hilo, GPX4, kinachotegemea seleniamu. Panya waliokomaa walipozimiwa GPX4, kwenye utafiti wa 2014, kilichowaua ni figo kufeli. Viungo vyote vile, ikatangulia figo. Hiyo inakwambia mirija hii inaishi karibu na moto kiasi gani.

Seli iliyopasuka inamwaga vilivyomo. Seli za jirani zinapiga yowe la kikemikali, makrofaji zinajaa kati ya mirija. Na makrofaji zina tabia mbili. Za mwanzo, zilizokuja kupigana, zinabania chuma na kutoa kemikali za inflamesheni. Baadaye zinageuka kuwa za kukarabati, zinafungua feropotini na kugawa chuma kwa seli zinazojenga upya. Ukarabati ukiisha salama, figo inapona. Usipoisha, ishara ya TGF-beta (kemikali inayoamuru kovu lijengwe) inabaki imewashwa, seli za nyuzi zinaendelea kusuka kolajeni, kolajeni inajaa mahali palipokuwa na mirija na vimishipa. Hilo ndilo kovu, na kreatinini (taka ya kwenye damu tunayoipima kuona figo zinavyochuja) inapopanda kwa sababu yake hairudi.

Sasa kitu kilichonifurahisha mimi binafsi: kimeng'enya kinachoikaza kolajeni iwe imara hakifanyi kazi bila chuma, pamoja na vitamini C. Kwa hiyo chuma kinahusika pale mwanzo kwenye kuunguza na kinahusika tena mwisho kwenye kufunga kovu.

Daktari Kijana

Umeeleza vizuri. Niongeze protini mbili ulizoruka.

Moja ni NGAL, au lipokalini-2. Bakteria kama E. coli hutengeneza vinasa chuma vyao. Mwaka 2002 ilionekana NGAL inavikamata vinasa hivyo na kuwanyima chakula. Mrija wa figo ukijeruhiwa unaimwaga kwa wingi kwenye mkojo. Utafiti wa 2005 kwa watoto waliopasuliwa moyo ulionyesha NGAL inapanda ndani ya saa 2, wakati kreatinini tunayoitegemea inasubiri siku 1 hadi 3. Yaani kwa kreatinini tunapata taarifa nyumba ikiwa imeshaungua chumba kimoja.

Nyingine ni hemi oksijenasi-1. Hii inavunja hemi, kile kiini chekundu cha hemoglobini, na kukitoa chuma chake ili feritini ikihifadhi. Inatufaa hasa kwa Kyela. Mbeya mjini kuna baridi, malaria ni kidogo, lakini ukishuka bonde la Ziwa Nyasa hali ni tofauti, na malaria kali inaweza kupasua chembe nyekundu nyingi kwa mpigo. Mkojo unakuwa mweusi. Hemoglobini iliyomwagika inapita kwenye figo, mirija inaimeza kwa vipokezi vilevile vya megalini, chuma kinajaa ndani kwa siku moja badala ya miaka. Vivyo hivyo mtu aliyepondwa misuli, awe kaangukiwa na gogo au kapigwa na kundi la watu: miyoglobini ya misuli nayo ina hemi. Mtu kapigwa sana, mkojo umekuwa wa kahawia, msimpe diklofenaki ya maumivu na kumlaza. Anataka maji ya mshipa mapema.

Mchimba wa Chunya

Daktari na sisi wa zebaki je? Tunachenjua dhahabu kwa mikono, tunachoma hapohapo.

Daktari Kijana

Zebaki inaingia kwenye mirija hiyohiyo ya mwanzo na inaiumiza, njia yake si ya chuma ila mwisho wake unaweza kuwa protini kwenye mkojo na kovu. Usichomee ndani, tumia kifaa cha kunasia mvuke, watoto na wajawazito wasikae karibu. Pima mkojo na kreatinini angalau kila mwaka.

Mzee wa Uyole

Wanangu, mimi nauliza la ulanzi. Nimesikia pombe za kienyeji zinajaza chuma mwilini. Ni kweli au mnataka kutunyima?

Fundi Maabara

Shikamoo mzee. Ni kweli kwa pombe nyingine, ulanzi umesingiziwa. Afrika Kusini tangu 1929 iliandikwa kuhusu watu waliojaa chuma kwenye ini, na baadaye ikajulikana walikuwa wanakunywa bia ya nafaka iliyochachushiwa kwenye vyungu na mapipa ya chuma. Bia ni chachu, inayeyusha chuma cha pipa, na mtu anakunywa lita nyingi. Ulanzi unagemwa kwenye mianzi, chuma kitoke wapi? Mkiuhamishia kwenye pipa lenye kutu ukakaa siku mbili, hapo tutazungumza vingine. Na kama figo zina tatizo, mzee wangu, presha ndiyo ya kuogopa kwanza.

Mzee wa Uyole

Marahaba. Ndaga fijo. Pipa nalitupa, ulanzi nabaki nao.

Msafwa wa Ilomba

Sawa nimeelewa, lakini wakuu nusu ya haya ni panya. Kama chuma ndicho kinachounguza figo, si watu wapewe dawa ya kukitoa mwilini yaishe? Nasikia wale wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara wanazo.

Fundi Maabara

Zipo, deferoksamini na wenzake, zinakamata chuma na kukitoa. Kwa panya waliofungwa mrija wa mkojo ili figo ipate kovu, zilipunguza kovu. Kwa binadamu si tiba ya kovu la figo, hakuna daktari atakayekuandikia kwa kazi hiyo. Fikiria: mgonjwa uboho wake unalia njaa ya chuma, wewe unakuja kukomba kilichobaki. Tena moja kati ya dawa hizo za kumeza, deferasiroksi, inaweza yenyewe kuumiza figo. Na hepsidini ambayo tumeilaumu tangu mwanzo, panya waliopewa kabla ya figo kukatiwa damu waliumia kidogo kuliko wenzao, kwa sababu ilikifungia chuma kisimwagike. Ndiyo maana sipendi mtu akisema protini fulani ni mbaya. Inategemea imekutwa wapi na kwa muda gani.

Njia ya kukizuia chuma kisifike kwenye mirija ipo, ya bei ndogo na haina jina la kutisha: punguza protini inayovuja. Kijiti cha mkojo kinajibu kwa dakika chache. Presha ishuke na sukari ishuke, na dawa kama losartani au enalaprili hupunguza uvujaji wenyewe, mbali na kushusha presha (mjamzito haruhusiwi, na potasiamu na kreatinini zipimwe baada ya kuanza). Transferini isipovuja, chuma hakipati usafiri. Kila nikiona mtu anatumia laki kutafuta feritini na mkojo wake haujachovywa kijiti tangu mwaka juzi, nasikia kuumwa kichwa.

Parachichi Halisi (Njombe)

Swali la tumbo. Mama mkwe wangu figo ziko chini, shemeji zangu wanamsagia juisi ya bitiruti na parachichi kila asubuhi "aongeze damu". Mimi ni mkwe, siwezi kumkataza. Nisemeje?

Sista wa Zamu

Shemeji usimkataze wewe, mwombe daktari amwambie mbele ya watoto wake, watasikia. Bitiruti na parachichi zina potasiamu nyingi, na figo dhaifu haiitoi. Potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama, bila kuaga. Bitiruti ina oksaleti pia, nayo ni mzigo kwa figo. Chuma kilichomo ni kidogo na kwa hepsidini yake hakipiti. Kwa hiyo anabeba hatari yote na faida hakuna. Mpime potasiamu wiki hii, msisubiri kliniki. Viazi mviringo, najua Njombe hamwezi kuviacha, vimenyeni, vikateni vidogo, vichemsheni kwa maji mengi na maji hayo myamwage. Supu yake asinywe.

Parachichi Halisi (Njombe)

Asante sista. Nimemtumia mume wangu hii meseji kama ilivyo, aisome yeye kwa mama yake.

Binti wa Tukuyu

Kaka Fundi nimerudi. Tumepima: TSAT 14, feritini 610, mkojo protini +++. Daktari amesimamisha vidonge, kampangia drip ya chuma na amemwongezea dozi ya losartani. Baba sasa anataka sindano za eritropoetini nyingi ili HB ifike 15 kama ya kijana. Anasema kama ni dawa, apewe ya kutosha.

Fundi Maabara

Hapo dada umepata daktari anayesoma vipimo vyote viwili. TSAT 14 na feritini 610 ni ghala lililofungwa, ndiyo ile ile niliyoanza nayo.

Kwa HB 15, mwambie mzee walishajaribu. Tafiti mbili zilizochapishwa 2006, CHOIR na CREATE, zililenga kupandisha HB za wagonjwa wa figo hadi 13 na zaidi. Hawakupata nafuu iliyotarajiwa, na kwenye CHOIR waliopandishwa walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi. TREAT ya 2009, kwa watu wenye sukari kama yeye, ilikuta kiharusi kimeongezeka karibu maradufu. Tangu hapo madaktari wengi wanalenga 10 hadi 11.5. Kwanza amalize chuma, maana eritropoetini bila chuma ni kuupigia kelele uboho ambao hauna cha kufanyia kazi.

Binti wa Tukuyu

Nimemsomea. Kasema basi 11 inatosha, ila chai haachi.

Sista wa Zamu

Asiache. Aipishane na vidonge vyovyote vya chuma kwa saa mbili, na kwa kuwa sasa anapewa kwa drip, chai haina neno. Sukari ndiyo asitie.

Mchimba wa Chunya

Wakuu, na chanjo ya homa ya ini kwa wanaotaka kuanza kusafisha damu, inachomwa lini?

Fundi Maabara

Mapema, kabla hajaanza kama inawezekana. Lakini mkuu hilo lifungulie uzi wake, hapa tukichanganya na homa ya ini mtu wa figo akija kesho atapotea.